Madebe Saba na Ahadi ya Mtani

Andika kwanza wazazi wangu, maana mtu asiyetaja alikotoka hana haki ya kusikilizwa. Baba yangu aliitwa Mwinyimvua, mwana wa Kondo, mzaliwa wa Maneromango, Mzaramo kwa baba na kwa mama. Mama yangu aliitwa Mwanaidi binti Shomari, aliyezaliwa Kunduchi na kuletwa mjini akiwa angali anabebwa mgongoni. Mimi nilizaliwa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja, chumba cha pili mkono wa kushoto. Nyumba hiyo imekwisha kuvunjwa. Palipokuwa na kitanda cha mama leo panauzwa simu, na juu yake zimepanda ghorofa nane. Sisikitiki. Nataja tu ili ajuaye mahali apajue.

Sikusoma. Hili nalo liandike mapema, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Kila herufi iliyomo humu ni ya mkono wa mjukuu wangu Idrisa, lakini maneno ni yangu, na nimemwonya asiyapambe. Nimemwambia: nikisema sikulia, usiandike kwamba machozi yalinilengalenga.

Kilichonifanya niseme ni mchezo. Jumamosi iliyopita Idrisa alinitoa kliniki, akaniomba tupitie bustani moja ya mtaa, si mbali na Mnazi Mmoja, nipumzishe magoti. Vijana wamesimika humo vikapu tisa vya chuma juu ya nguzo. Kila kikapu kimezungushiwa minyororo inayoning'inia kama pazia la mlangoni, na watu hurusha visahani vya plastiki kutoka kikapu kimoja hadi kingine. Hakuna anayekimbia. Mtu anarusha, anatembea, anaokota, anarusha tena. Nilikaa kwenye benchi la saruji nikawatazama kwa muda mrefu, na Idrisa akadhani nimechoka.

"Bibi, hii njia ni ya wanaoanza kabisa," akaniambia, akiwa ametoka kusoma kibao cha getini. "Vikapu viko karibu karibu, hamna mti wa kukusumbua. Hata wewe unaweza."

"Nani amekwambia mimi ninaanza?"

Akacheka, akidhani ni mzaha. Binti mmoja wa Kihindi aliyekuwa akigawa visahani akanisogelea na kunipa kimoja cha njano. "Shikamoo bibi. Unashika hivi, kama sahani ya ubwabwa."

"Marahaba. Kwetu sahani ya ubwabwa hairushwi, mwanangu."

"Basi hii rusha tu, bibi, haivunjiki."

Nilisimama, nikampa Idrisa mkoba na fimbo. Sikukishika kama sahani ya ubwabwa. Niliuingiza ukingo ndani ya kiganja, kidole cha shahada kikiambaa nao, nikasimama ubavu, nikaukunja mkono hadi kifuani, nikakiachia. Kisahani kilikwenda chini chini, mwishoni kikapinda kidogo kushoto, kikapiga minyororo na kutumbukia. Binti yule alipiga makofi. Mimi nilirudi kwenye benchi nikaketi.

"Duh," Idrisa akasema. "Umejifunzia wapi wewe?"

"Kwa baba yangu."

"Kwani enzi zenu hii ilikuwepo?"

"Kesho ulete daftari," nikamjibu.

Baba yangu alikuwa fundi bati. Banda lake lilikuwa Gerezani, na humo alitengeneza ndoo, makarai, vibatari na vifuniko vya madebe ya wauza nafaka. Alinuka lehemu na moshi wa makaa. Hata akioga na kujipaka mafuta ya nazi, harufu ile haikumtoka. Mguu wake wa kushoto ulipondwa na kasha bandarini katika ujana wake, kabla hajajifunza ufundi, kwa hiyo aliuburuta. Sisi watoto wa nyumba ile hatukuhitaji kumwona ili tujue amerudi. Tulisikia mguu mmoja ukikanyaga na wa pili ukikwaruza mchanga, na kila aliyekuwa katika utundu wake aliuacha.

Hakuwa mtu wa kucheka na watoto, na ndiyo maana hadi leo nashindwa kueleza jinsi mchezo ule ulivyoanza. Nakumbuka tu kwamba alasiri moja alirudi na bati alilolikata mviringo mfano wa kifuniko, pana kama sahani, ukingo wake ameukunja kwa ndani ili usikate vidole, akanipa bila maelezo. Siku chache baadaye alikuwa amepanga madebe saba makuukuu katika uwanja uliokuwa nyuma ya mtaa wetu, ambao wakati ule ulikuwa mchanga mtupu, miarobaini michache na mti mmoja wa mkungu. Kila debe alililaza juu ya matofali mawili, mdomo ukielekea upande wa kurushia. La kwanza aliliweka hatua kumi na mbili kutoka mstari, zilizohesabiwa kwa hatua zangu, si zake. La pili likawa mbali kidogo. La tatu alilificha nyuma ya mwarobaini ili nijifunze kupinda. La saba lilikuwa upande wa pili kabisa wa uwanja, mahali ambapo wachuuzi waliokuwa wakienda sokoni walikata njia, na ilinibidi niwasubiri wapite.

"Unarusha," alisema. "Kifuniko kikianguka, unasimama pale pale kilipoangukia, husogei hata unyayo, unarusha tena. Debe likilia, unakwenda kwenye linalofuata. Ukimaliza saba unaniambia umerusha mara ngapi, na unaniambia kweli."

Baba hakujua kusoma wala kuandika, nami pia, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa vijiwe. Kila nikirusha niliingiza kijiwe kimoja kwenye pindo la kanga. Siku ya kwanza nilimletea vijiwe hamsini na kimoja. Akavihesabu juu ya mkeka, akasema "hamsini na moja" kwa sauti ya mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua, akarudi kwenye chai yake.

Shule iliingia katika mchezo kwa njia hii. Watoto wawili wa chumba cha jirani waliandikishwa, nami nikamwambia baba kwamba nataka. Enzi zile mtoto hakudaiwa cheti cha kuzaliwa. Alipitisha mkono juu ya utosi, na vidole vyake vikigusa sikio la upande wa pili, basi amefika umri. Baba akaniagiza nipitishe mkono. Vidole viliishia juu ya sikio.

"Bado kifundo kimoja," akasema. "Lakini mkono utafika wenyewe, hilo halina sifa. Mimi nataka kingine. Ukizunguka madebe saba kwa kurusha mara ishirini tu, nitakupeleka kuandikishwa mimi mwenyewe."

"Ishirini, baba?"

"Shuleni mtoto anakaa tangu asubuhi hadi adhuhuri hainuki. Wewe hungoji hata chai ipoe. Ukiweza ishirini nitajua unaweza kukaa."

Mama, aliyekuwa uani akipepeta mchele, akadakia bila kugeuka. "Mwinyimvua, mtoto wa kike unamwekea mashindano?"

"Simwekei mashindano. Nampima."

"Basi mpime haraka, maana kitambaa cha gauni la shule nimeshapeleka kwa fundi."

Likumbukeni neno hilo la mama. Nitalihitaji.

Nilirusha kila siku baada ya kutumwa sokoni na kabla ya kutumwa kisimani. Kutoka hamsini nilishuka hadi arobaini, kisha thelathini na tatu, kisha nikakwama kwenye ishirini na sita kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama mwaka. Jioni nyingine baba alikuja kunitazama, akisimama na mikono nyuma, akitoa neno moja kwa mchezo mzima: "Bega." Au: "Polepole." Kwa sifa alikuwa mchoyo, na sikumlaumu. Siku niliyopata ishirini na mbili alisema, "Zimebaki mbili," nikalala na maneno hayo kama watoto wengine wanavyolala na peremende shavuni.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi aliyeujua mchezo ule. Aliitwa Maganga, Mnyamwezi kutoka Tabora, hamali wa sokoni, aliyekata njia uwanjani na mkokoteni wake kila asubuhi. Yeye na baba walikuwa watani. Kwa msomaji wa leo asiyejua, nieleze: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu zama za misafara. Mtani anakutukana nawe huna ruhusa ya kukasirika. Anachukua kitu chako mbele ya macho yako nawe unacheka. Maganga hakupita bandani kwa baba bila kuuliza, "Mzaramo, hujafa bado?" Na baba, bila kuinua macho kwenye kazi, alijibu, "Nikifa utakula nini?" Nilikuwa nimesikia maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyosikia salamu.

Baba alishikwa na homa. Asubuhi ya pili hakuweza kusimama, wakamkodia teksi na kumpeleka hospitali. Mama alimfuata, mimi nikaachiwa wanawake wa nyumba. Hakuna aliyenieleza kitu, na mimi sikuuliza, kwa kuwa katika malezi yetu mtoto hakuulizia mambo ya wakubwa. Nikaenda uwanjani. Siku ya tatu ya homa ile, debe la kwanza lililia kwa mara moja, la pili kwa mbili, la tatu nilipinda mwarobaini kwa mara tatu, na nilipofika la saba, vijiwe vilivyokuwa katika kanga vilikuwa kumi na saba. Nilimsubiri mwanamke mmoja mwenye kapu la dagaa apite. Nikarusha, nikarusha, na mara ya tatu kifuniko kikapiga debe. Nilikaa chini nikavihesabu vijiwe. Ishirini. Nilivihesabu tena. Halafu nikapitisha mkono juu ya utosi, na ncha ya kidole ikagusa sikio.

Hapakuwa na mtu wa kuniona. Nilifunga vijiwe vile vizuri, nikaamua kwamba habari hii haitoki kinywani mwangu ila kwa baba.

Kesho yake nilipoamka, nyumba ilijaa watu. Mikeka ilitandikwa hadi barabarani, masufuria makubwa yaliletwa uani, na wanawake walikuwa wakilia. Nilijua msiba ni nini, kwani katika mitaa yetu mtoto wa miaka saba ameshaona misiba mingi. Sikujua ni wa nani. Katika chumba cha mbele, mkono wa kulia, palikuwa na mzee mmoja aliyekuwa hoi kitandani tangu kabla sijapata akili, na kila mfungo watu walisema hafiki Idi. Nikajua basi ni yeye. Nilimhurumia kidogo, maana alikuwa akinipa tende. Mama nilimwona kwa mbali chumbani, amekaa chini katikati ya wanawake, amefunikwa shuka jeupe, nami nikaona ni sawa, mama alikuwa mtu wa kusaidia majirani. Nilipotaka kuingia, mwanamke mmoja akanishika bega na kunirudisha. "Baba yako amelala," akaniambia. Nikafurahi kwamba amerudishwa kutoka hospitali.

Ndipo nikausikia mguu. Mmoja ulikanyaga, wa pili ukakwaruza, ukumbini, juu ya sakafu ya saruji.

Alikuwa amevaa kanzu ya baba na kofia yake, ameishusha hadi nyusi. Mkasi wa bati ulikuwa begani. Uso wote aliupaka jivu. Aliburuta mguu wa kushoto vile vile, akiegemea ukuta pale pale baba alipokuwa akiegemea, na sauti iliyotoka ilikuwa ya baba, nzito, isiyopanda wala kushuka.

"Mwanaidi, chai yangu iko wapi? Nyumba imejaa wageni, na mimi mwenyewe sijanywa hata kikombe."

"Toka hapa," mwanamke mmoja akasema, huku akifuta macho na kucheka. "Mfu gani anadai chai?"

"Mfu ni wewe na mumeo. Mimi nilikwenda kunyoosha mguu."

"Umenyooka?"

"Wamenidhulumu. Wamenirudishia ule ule."

Wanawake wakaanguka kwa kicheko, kicheko chenye kilio ndani yake. Akaburuta mguu hadi mlangoni, akajilaza kizingitini, akasema hatoki mtu mpaka apewe ugoro. Akaletewa ugoro. Hivyo ndivyo watani walivyofanya msibani, na kazi yao hiyo ilikuwa kubwa: walimrudisha marehemu ndani ya nyumba yake kwa saa moja ili wafiwa wacheke naye mara ya mwisho. Watu wazima wote mle walijua. Mtoto hajui mpaka aambiwe, na mimi sikuwa nimeambiwa. Mimi nilijua mguu.

Nilipita katikati ya wanawake nikachuchumaa kizingitini kando yake, nikafungua pindo la kanga. "Baba," nikasema, "nimepata ishirini. Na sikio nimegusa."

Naapa kwamba alisita. Jicho lake lilinitazama kutoka ndani ya lile jivu, likaenda kwenye vijiwe, likarudi. Huenda angesema jina lake mwenyewe, kama pale pangekuwa na mtu wa kumsaidia kulisema. Lakini mtani akiwa kazini havui nguo ya marehemu mbele za watu, na watu walikuwa wakimtazama.

"Ishirini," akasema kwa sauti ya baba. "Basi umenishinda. Kesho asubuhi nakupeleka shule. Uoge, ukanisubiri kwenye debe la kwanza."

Wakacheka wote, wengine wakijifunika kanga usoni. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuona kichekesho. Nilivirudisha vijiwe ndani ya pindo. Baada ya adhuhuri wanaume wakalitoa jeneza, na mtu yule akalifuata nyuma akiburuta mguu. Nilimwona baba yangu akisindikiza jeneza lake mwenyewe, nikaingia ndani kutafuta chakula.

Asubuhi niliamka kabla ya wengine waliolala ukumbini. Nilioga kwa ndoo, nikajipaka mafuta, nikaenda uwanjani na kukaa kando ya debe la kwanza. Sikurusha, maana sikutaka jasho. Jua lilipanda hadi juu ya mkungu. Wachuuzi walipita na makapu yao, wakaisha.

Alikuja mtu anayetembea wima kwa miguu miwili. Nilimtambua kwa mbali, Maganga, bila mkokoteni, amevaa shati lililofuliwa. Juu ya viganja vyake viwili alibeba gauni la shule lililokunjwa, kama mtu abebavyo msahafu. Alisimama mbele yangu.

"Mama yako amenipa hili," alisema. "Yuko eda, hatoki, lakini nimezungumza naye nyuma ya pazia. Amesema uvae, nikupeleke."

"Namngoja baba."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuambia kesho."

"Nilimwambia baba."

"Ulinambia mimi. Nilikuwa nimevaa nguo zake." Alichutama ili macho yetu yalingane. "Baba yako tulimzika jana. Ni yeye aliyekuwa kwenye jeneza. Ule ulikuwa utani wetu, mimi na yeye. Ulipokuja na vijiwe vyako sikujua niseme nini, nikasema ambalo angesema yeye. Sasa nimekuja kulitimiza. Twende, uandikishaji ni siku tatu tu."

Nilitazama miguu yake. Yote miwili ilikuwa imara, vidole vimejaa vumbi. Nataka msomaji aelewe kwamba sikuhisi kitu. Nimewasikia watu wakisimulia vifo vya wazazi wao, kifua kikapasuka, dunia ikazunguka. Kwangu hakukupasuka kitu. Nilikuwa kama bati lililotoka kwenye maji baada ya moto. Jambo moja tu lilikuwa wazi kichwani mwangu: nilikuwa na habari moja ya kumpa baba, na nimempa mtu mwingine, na haiwezi kutolewa mara mbili.

"Wewe si baba," nikasema. "Aliniahidi yeye. Siendi na wewe."

"Si lazima unipende. Twende tu."

"Siendi."

Alijaribu jambo moja zaidi. Aliinuka, akaegemea mwarobaini, akaanza kwa ile sauti nzito, "Wewe mtoto, hungoji hata..." Hakumaliza. Alijifunika uso kwa mkono, akakaa mchangani mbali kidogo nami, gauni likiwa mapajani. Tulikaa hivyo hadi adhina ya adhuhuri. Hakunivuta, ingawa angeweza kunibeba kwa mkono mmoja, mtu aliyezoea magunia. Kisha akanirudisha nyumbani.

Alikuja siku ya pili, nikakataa. Alikuja siku ya tatu, na safari hii mama aliniita chumbani. Alikuwa amekonda kwa siku tatu tu. Aliniambia kwa sauti ya chini, bila ukali, kwamba baba alitaka nisome, kwamba yeye anataka nisome, kwamba laiti eda ingemruhusu angetoka hivyo hivyo na shuka lake akanipeleka. "Nenda na Maganga," alisema. "Ni mguu wa mtu tu, mwanangu. Shule ni ile ile." Nikasema siendi. Mama hakuwahi kunipiga, na siku ile pia hakunipiga. Labda ingefaa anipige.

Mwaka uliofuata eda ilikuwa imekwisha zamani, mkono wangu ulizunguka hadi chini ya sikio, na mama akanishika mwenyewe kunipeleka. Nikakaa chini barabarani, nikang'ang'ania mti. Mwaka wa tatu aliuliza tu. Mwaka wa nne gauni akampa mtoto mwingine, maana lilikuwa halinitoshi tena. Maganga aliendelea kupita na mkokoteni wake, akinisalimia, nami nikimjibu kwa adabu. Huwezi kumkasirikia mtani. Nilikuwa nimetafuta wa kumkasirikia na sikumpata, basi hasira yenyewe ikafa kwa kukosa mahali pa kukaa.

Sasa nimefika ninapotaka kufika. Nilipokua, nikaolewa, nikaanza biashara ya vitambaa pale Kariakoo, watu wakaanza kuniuliza kwa nini mwanamke mwenye akili hivi anatia dole gumba kwenye karatasi. Nami nikapata jibu. Nilisema: "Baba alifariki, mama akawa eda, hapakuwa na mtu wa kunipeleka. Basi ikawa hivyo." Lilikuwa jibu zuri. Watu walitikisa vichwa, wakasema wazazi wa zamani hawakujali mtoto wa kike, na wakanionea huruma. Nililisema mara moja, nikalisema mara mia. Niliwaambia wanangu. Wanangu wakawaambia watoto wao.

Siku moja nililisema nyumbani kwangu, katika shughuli, wanawake tumekaa tunachambua mchele kwa ajili ya pilau. Jirani akasema, "Mama zetu nao, Mungu awasamehe." Mama alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye kona ya mkeka na ungo wake, mzee tayari, na wengi mle hawakumjua kuwa ni mama yangu. Alisikia kila neno. Mkono wake uliendelea kutoa mawe kwenye mchele, moja moja, akiyaweka pembeni. Hakuinua uso. Hakuniuliza siku ile, wala siku nyingine, na aliishi miaka kumi na miwili baada yake. Niliiosha maiti yake kwa mikono hii, na hata wakati ule sikusema.

Hapa Idrisa ameweka kalamu chini.

"Bibi, kwa hiyo hata mama yangu hajui? Sisi wote tunajua ulinyimwa shule."

"Hajui."

"Sasa kwa nini ulikuwa unasema hivyo?"

"Ilikuwa rahisi kusema. Chukua kalamu."

Amechukua. Basi sikiliza unachotakiwa kukitunza, na unachotakiwa kukiacha. Usitunze kwamba bibi yako alikuwa hodari wa kurusha vifuniko, hilo si urithi. Usitunze kwamba nilikuwa mtoto nikafiwa, maana watoto wengi hufiwa na huenda shule. Maganga umtunze kwa jina lake: alikosea neno moja mbele za watu, akaja siku tatu mfululizo kulilipa, na mimi ndiye niliyemkatalia. Mama yangu umtunze zaidi. Alinunua kitambaa cha gauni kabla mkono wangu haujagusa sikio. Akiwa eda, siku moja baada ya kumzika mumewe, alitoa gauni nyuma ya pazia ili nipelekwe. Hakuninyima kitu.

Daftari hili usilifungie kabatini. Mama yako na shangazi zako watakuja Ijumaa kula. Wakimaliza kunawa, kaa katikati yao uwasomee lote, mimi nitakuwepo. Watakatiza, watasema bibi amezeeka anachanganya mambo, au anataka tu kumsitiri mama yake. Usibishane nao. Ngoja wamalize, kisha wasomee tena.